Vaisgripi za karakana ya nyumbani: acheni kununua seti, nunueni taya

Fundi_wa_Uani (Tororo)

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa jiriwa na meza za kazi watu wengi waliuliza: mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba aanze na vaisgripi gani, yaani zile praizi zinazojifunga ukishabana? Nasema ninavyoona mimi, mwenye kubisha abishe.

Jina la kampuni ni jambo la pili. La kwanza ni umbo la taya. Mtu anaingia duka la hadwea Nakasero, au hata hapa Tororo mjini, anaona seti imefungwa vizuri kwenye plastiki: kubwa, ya kati na ndogo, zote za taya iliyopinda. Analipa. Huyo amenunua kifaa kimoja mara tatu. Kesho ana engo mbili (vyuma vya pembe) anataka zishikane zisicheze wakati anachomelea, au ana bati anataka kulikunja ukingo, na katika zile tatu hamna ya kumsaidia.

Mimi ya kwanza ni inchi kumi, taya iliyopinda, yenye kisu cha kukatia waya karibu na egemeo. Hiyo ndiyo mama wa karakana. Inashika bomba, inashika nati iliyoliwa, inashika kichwa cha bolti kilichobaki nusu, na ukikosa jiriwa unaibana kwenye ukingo wa meza na inakushikia kazi. Taya iliyopinda ina faida kwa kitu cha duara kwa sababu inakigusa sehemu nyingi. Taya iliyonyooka inakigusa mbili tu kisha kinateleza.

Ya pili ni inchi sita ya mdomo mrefu. Watu huidharau kwa udogo wake hadi siku ya kutoa pini ya breki au kunasa springi ndani ya kishimo ambako vidole haviingii.

Ya tatu si praizi kabisa kwa sura, ni ile ya mikono mirefu iliyojikunja kama herufi C, inchi kumi na moja. Na hiyo usinunue moja, nunua mbili. Ukibana chuma kwa sehemu moja kitazunguka pale pale ulipobana. Ukibana sehemu mbili kimetulia, kazi inaenda.

Taya iliyonyooka ni nzuri kwa flati baa, lakini inaweza kungoja. Ile pana ya kukunjia bati ni ya watu wa mifereji ya maji ya mvua. Ile ya mnyororo nzuri sana machoni, nakubali, lakini kama hushughuliki na mabomba makubwa itakaa ukutani ikishika vumbi. (Yangu inashika vumbi. Siiuzi.)

Sasa kuhusu za mitumba. Kisenyi na Katwe ukipita kwa wauza vyuma chakavu huwa zinapatikana, zimechanganywa na spana na vipande vya injini. Nyingine ni nzuri kuliko chochote kipya kwa bei hiyo. Nyingine ni takataka. Mimi nikiokota moja nafanya hivi: kwanza naifunga bila kitu ndani, taya zikutane, kisha naiinua kwenye mwanga. Mwanga ukipita upande mmoja na mwingine haupiti, taya zimepinda, rudisha. Halafu naishika taya ya chini na kuitikisa kulia na kushoto. Kucheza kidogo ni kawaida, kucheza hadi meno yapishane ni riveti zimekwisha. Skrubu ya nyuma lazima izunguke kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati, mtu aliipiga nyundo, imepinda. Mwisho naomba bolti yoyote, naibana, nasikilizia inavyofunga. Inayofunga vizuri ina mlio mmoja mkavu. Inayofunga kwa kusitasita, achana nayo.

Kutu ya nje haijalishi. Muuzaji akiona kutu anashusha bei, wewe furahi kimya kimya.

Boda_Busia

Mzee, kwani spana na praizi ya kawaida hazitoshi? Mimi hizi nazijua kama kifaa cha kula nati za watu. Kila siku nakutana na pikipiki bolti ya oili imekuwa duara kama kifuniko cha soda, ukiuliza ni nani, "fundi mmoja alikuja na vaisgripi."

Mwl_Chuma (Mbale)

@Boda_Busia una haki ya kulalamika, lakini kabla ya kuhukumu kifaa tuelewane kinavyofanya kazi, maana nusu ya uharibifu unatokana na watu kutojua.

Praizi ya kawaida inategemea mkono wako. Ukichoka, inalegea. Vaisgripi ina egemeo tatu za kuangalia: moja mkono wa chini unaposhikana na taya ya chini, ya pili mkono huo unaposhikana na kile kiungo kifupi cha katikati, na ya tatu pale kiungo kinapogusa ncha ya skrubu. Unapobana, egemeo hizo tatu zinaelekea kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikikaribia kunyooka, nguvu ndogo ya vidole inazaa nguvu kubwa mno kwenye taya. Zikivuka mstari kidogo tu, haziwezi kurudi zenyewe: kile kitu ulichobana kinasukuma taya zifunguke, na msukumo huo huo unauelekeza mkono uzidi kukaa ulipofunga. Hapo imejifunga, unaweza kuiachia ukaenda kunywa chai.

Wengi wanadhani springi ndiyo inayobana. Hapana. Springi kazi yake ni kufungua taya ukishaachia. Ikikatika, kifaa bado kinabana vile vile, ila utakuwa unaifungua taya kwa kidole kila mara, kero tupu.

Kwa hiyo marekebisho yote yako kwenye skrubu. Fungua taya, ziweke juu ya kazi, zungusha skrubu hadi ziguse, kisha achia, ongeza kidogo, funga. Mkono mmoja wa mtu mzima utoshe kuifunga. Kama unahitaji mikono miwili, au unaegemea kwa kiuno, au unagonga nyundo, umekaza kupita kiasi. Kitafunga kweli, lakini unazimaliza riveti, na siku ya kufungua, kiwenzo, kile kidogo cha kufungulia kwenye mkono wa chini, kitakufinya ngozi.

Boda_Busia

Asante Mwalimu. Hilo la springi sikulijua. Lakini malalamiko yangu kuhusu nati yako pale pale.

Welda_Katwe

Hii mada ni yangu. Mimi nachomelea mageti na madirisha Katwe, na nakubaliana na Fundi_wa_Uani kuhusu zile za C, ila naongeza: kwa mtu anayechomelea, mbili ni mwanzo tu. Geti la bomba za mraba lina pembe nne, kila pembe inataka kushikwa huku unapima mraba kwa kamba. Ukigusa kiungo kimoja kwa moto chuma kinavuta, pembe inahama. Ukikuta kimeshikwa pande zote, kinavuta kidogo na kinarudi.

Angalieni mambo mawili. Cheche za kuchomelea zinapenda kutua kwenye uzi wa skrubu. Zikishaganda pale, skrubu haizunguki tena na mtu anaanza kuilaumu kampuni. Mimi napaka grisi kidogo kwenye uzi, cheche zikitua zinatoka kwa kukwangua. Wengine wanafunika kwa kitambaa kilicholowa, sawa pia.

La pili ni waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea. Hapa Katwe karibu kila mtu ametengeneza kibanio cha athi kwa vaisgripi kuukuu, maana vile vibanio vinavyokuja na mashine vinalegea upesi. Wazo ni zuri, ila waya ufungwe kwenye taya ya juu, ile isiyosogea. Ukiufunga kwenye mkono wa chini, umeme wote unapita kwenye riveti na unaweza kupita hata kwenye springi. Riveti zinapata moto, springi inapoteza nguvu, na kibanio chako kinakufa huku unashangaa kwa nini moto wako hautulii.

Na kama unabana mabati au bomba zilizopakwa zinki, kwangua zinki kwanza pale unapochomelea, ukae upande upepo unakotoka. Moshi ule unaleta homa usiku, wenzangu wengi hudhani ni malaria.

Binti_Bombo

Mimi si fundi, nina mashine ya kushona tu na baiskeli ya watoto. Ila babu yangu Mungu amrehemu alikuwa fundi wa reli, enzi zile reli ikiwa moja kwa Afrika Mashariki nzima. Sanduku lake la vyuma liko kwangu. Ndani yake mna moja nzito, rangi imebaki mabaka mabaka, imeandikwa MOLE. Mama anasema niitupe imechakaa. Je, ni vaisgripi hii mnayosema au ni kitu kingine? Na ina thamani?

Sanduku_la_Kale (Kampala)

Nnyabo, usiitupe! Ni yenyewe, ila ya Kiingereza. Mole ni kampuni ya M. K. Mole and Son ya Birmingham. Walianza kutoa zao mwaka 1955, baadaye kazi ikahamia Newport, Wales. Waingereza hadi leo wanaziita kwa jina hilo la Mole, hata iliyotoka kiwanda kingine kabisa. Vifaa vya Kiingereza vilikuwa vingi kwenye karakana za reli na za kazi za umma, kwa hiyo sishangai ikitoka kwenye sanduku la mzee.

Thamani ya pesa kwa soko la hapa si kubwa, nakwambia ukweli. Thamani ya kukusanya iko kwenye maandishi. Kwa hiyo usiipige msasa, usiipeleke kwa mtu wa grainda aing'arishe. Maandishi yakifutika imebaki chuma tu. Ipanguse mafuta ya taa kwa kitambaa, iache na mabaka yake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye historia, niseme kidogo, najua wengine mtaruka.

Aliyeanzisha ni William Petersen, mhunzi kutoka Denmark aliyehamia mji mdogo wa De Witt, jimbo la Nebraska, Marekani. Alikuwa anataka jiriwa ya kubeba mkononi, maana mhunzi anahitaji kushika chuma huku mkono mwingine unagonga. Patenti yake ya kwanza ni ya 1921, lakini hiyo ilikuwa bado haijifungi. Ile ya mkono unaojifunga aliipata 1924. Mwaka 1938 familia ikafungua kiwanda pale pale De Witt, wakauza kwa jina la Vise-Grip. Kiwenzo cha kufungulia, kile kidogo kilicho ndani ya mkono wa chini, kiliongezwa 1957. Kabla ya hapo unafungua kwa kuuvuta mkono kwa nguvu, na kama ulikaza sana utatoa jasho.

Baadaye kampuni iliuzwa, 2002 ikaingia kwa Newell, na 2008 kiwanda cha De Witt kikafungwa, kazi ikapelekwa China. Ndiyo maana ukikuta Kisenyi iliyoandikwa PETERSEN MFG. CO. na DEWITT, NEBR. U.S.A. ujue ni ya zamani, na ikiwa haina kiwenzo kabisa ni ya zamani zaidi. Hizo mimi nazitafuta. Ninazo za kutumia na nina rafu nyingine ya zile ambazo mke wangu anauliza ni za nini.

Kusoma namba ni rahisi ukishajua: tarakimu ni urefu kwa inchi, herufi zinaeleza umbo. 10WR ni inchi kumi, yenye kisu cha waya na kiwenzo. 10CR ni taya iliyopinda bila kisu. 6LN ni mdomo mrefu. 11R ndiyo ile C kubwa ya Fundi_wa_Uani. Kampuni nyingine nyingi zimeiga mpangilio huo huo, kwa hiyo ukijua huu hupotei dukani.

Duka_Ndeeba

Naheshimu wakusanyaji, lakini jamani tusiwapoteze vijana. Mimi nauza vifaa Ndeeba na naona kila wiki kijana ametoka Kisenyi na "ya Marekani" aliyoambiwa ni dhahabu, riveti zimelegea hadi unaweza kupitisha ukucha. Kalipa karibu sawa na mpya. Neno U.S.A. limekuwa la kupandishia bei. Wengine hata hawalisomi, wanaona herufi zimechongwa wanataja bei ya Marekani.

Kwa mtu anayeanza, mpya ya bei ya kati inatosha. Za kampuni za Total na Ingco ziko kila kona ya nchi hii, ikiharibika unarudi ulikonunua na risiti. Za Kisenyi unarudi kwa nani? Aliyekuuzia keshahama meza. Kijana akishajua kazi na akajua anachotaka, aende akatafute za kizamani.

Tahadhari yangu ni kwa zile za bei ya chini kabisa, zisizo na jina au zenye jina linalofanana na la watu maarufu kwa herufi moja tofauti. Usiamini CR-V (chuma cha kromu na vanadi) iliyopigwa muhuri kwenye taya. Muhuri si chuma, mtu yeyote mwenye mashine anaupiga. Jaribu hivi: chukua tupa ndogo, pitisha kwenye jino moja la nyuma, pasipoonekana. Tupa ikiteleza na kulia, jino limekomazwa. Tupa ikiuma na kutoa unga, jino ni laini, bolti ya kwanza ngumu italilaza. Mwenye duka akikukatalia kujaribu, kuna maduka mengine mtaa huo huo.

Fundi_wa_Uani (Tororo)

@Duka_Ndeeba sikatai. Lakini angalia, umesema mwenyewe: risiti. Ni wangapi wanatoa risiti? Mimi nilinunua mpya duka moja kubwa, sitalitaja, kiwenzo kikatoka pini nikiwa bado sijaitumia kwa kazi ya maana. Kurudi, ah, "bidhaa ikishatoka hairudi." Za zamani angalau nazikagua kwa mikono yangu kabla ya kutoa hela.

Lakini tupa kwenye jino, hilo nalichukua.

Duka_Ndeeba

Hilo duka si langu 😄 Kwangu nakuruhusu ubane mpaka mlango.

Boda_Busia

Mmezungumza mengi lakini nati zangu hamjazijibu.

Mwl_Chuma (Mbale)

Haya, nati zako. Vaisgripi kwenye nati ni daktari wa mwisho. Nati nzima inataka spana ya saizi yake, ikiwezekana soketi ya pembe sita; ile ya pembe kumi na mbili inagusa kona tu, inazila. Ikigoma, mafuta ya kulegeza na muda, usiku kucha ukiweza. Ikigoma tena, moto, ila si karibu na tanki la petroli wala mpira wa breki. Ikishindikana kote huko, au ukiikuta imeshaliwa, sasa leta vaisgripi, na ujue ile nati unaiaga: inatoka inatupwa, unaweka mpya.

Anayeanza na vaisgripi kwenye nati nzima kwa sababu spana iko mbali, huyo ndiye adui yako, si kifaa.

Na kwa stadi (bolti isiyo na kichwa) iliyokatika huku kipande kikichomoza: chukua tupa, sugua pande mbili za kipande ziwe bapa kwanza, ndipo ubane kwenye hizo bapa, karibu na mzizi kadiri uwezavyo. Usivute upande mmoja kwa hasira. Peleka kidogo mbele, rudisha nyuma, mbele, nyuma, na mafuta. Kutu inasagika, inatoka. Ukilazimisha, inakatika usawa wa chuma na hapo unaanza biashara ya drili.

Boda_Busia

Sawa, hapo tumeelewana. Kwenye pikipiki ya Boxer nitaongeza moja: pedali ya gia ikiliwa meno katikati ya safari, inchi kumi ikibanwa kwenye shafti ya gia inakufikisha nyumbani. Nimewaona mpaka Malaba wanaendesha hivyo. Ila ni kufika nyumbani, si wiki nzima kama wanavyofanya wengine, shafti inaliwa na hiyo si ya elfu kumi.

Kakira_Kijana (Jinja)

Nina swali la kutu. Nimeokota 7WR na C moja kwa bei ya chuma chakavu, zimeshikana kabisa, hazifunguki. Jirani anasema niziweke kwenye moto wa makaa kutu iungue. Ni sawa?

Welda_Katwe

HAPANA. Kaka, usithubutu. Meno yamekomazwa kwa joto la kupimwa, ukiyachoma kwenye makaa yanarudi laini, na springi inakufa. Umeondoa kutu, umebaki na pambo.

Mama_Karakana (Lugazi)

Kijana wa Kakira, penye kiwanda cha sukari, unauliza kutu ukiwa umezungukwa na dawa yake! Molasi. Ile ile wanayowapa ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, ndoo ya plastiki yenye kifuniko, tumbukiza chuma kizamie kabisa. Acha wiki moja, mbili kama kutu ni nene. Inakula kutu na kuacha chuma. Ukizitoa zitakuwa nyeusi na utelezi, zisugue kwa brashi na maji, zikaushe juani siku hiyo hiyo, paka mafuta papo hapo maana chuma kikiwa kitupu kinaanza kutu tena kabla hujamaliza chai. Riveti na viungo vitie mafuta mepesi huku unafungua na kufunga, mpaka yale maji ya kahawia yaache kutoka.

Tahadhari: usitie humo kitu chenye alumini au zinki, kitaharibika. Na iweke mbali na nyumba. Ikianza kuchacha, hata wageni hawatakaa.

Siki nayo inafanya kazi na ni ya haraka, lakini ni asidi, ukisahau inaanza kula chuma chenyewe, na springi zinaweza kuwa dhaifu zikakatika. Molasi ni ya mtu mvumilivu au msahaulifu. Mimi ni wa pili.

Sanduku_la_Kale (Kampala)

Nathibitisha molasi. Kuna pia njia ya umeme, chaja ya betri na magadi ya kufulia ndani ya maji. Chuma chenye kutu kwenye upande hasi, kipande cha chuma cha kawaida upande chanya. Kamwe usiweke chuma cha pua upande chanya, maji yanageuka sumu mbaya ya kromu. Na ufanyie nje, inatoa hewa inayolipuka. Kwa hivyo vipande viwili vyako, molasi inatosha, usijisumbue.

Kakira_Kijana (Jinja)

Asanteni sana. Molasi napata bure karibu. Na meno? Kwenye 7WR meno ya mbele yamekwisha, ni bapa.

Welda_Katwe

Kama yamelala kidogo, tupa ya pembe tatu, fuata mifereji ya zamani jino kwa jino. Kama chuma kimekomaa tupa haiumi, tumia grainda na diski nyembamba, kugusa na kuachia, usiache pawe na rangi ya buluu. Kama yamekwisha kabisa, usiitupe: kwangua nikeli ya juu kwenye taya (moshi wake mbaya), chomelea vipande viwili vya engo, umepata ya kubania ukingo wa bati. Meno yaliyo jirani na moto yatalainika, lakini kwa kazi hiyo huyahitaji. Nusu ya zangu ni za namna hiyo, hakuna kiwanda kinachoziuza.

Dada_Arua

Na kama sitaki alama za meno? Natengeneza vitanda vya chuma, mteja akiona mikwaruzo kwenye bomba lililong'arishwa ananirudishia.

Fundi_wa_Uani (Tororo)

Dada, usibane chuma kwa chuma. Kata vipande vya bati la alumini au waya mnene wa shaba uliogongwa ukawa bapa, kunja uvae taya zote mbili. Ngozi ya kiatu kikuukuu inafaa pia pasipo na moto. Kwa zile za C kuna za vikanyagio vinavyozunguka, vinajilaza wenyewe juu ya kitu kilichoinama. Hizo kwa vitanda zitakufaa kuliko yoyote. Zina herufi SP mwishoni.

Na punguza skrubu. Bomba jembamba likibanwa kama bolti linabonyea, na mbonyeo hautoki.

Dada_Arua

Shaba ninayo. Hizo SP huku kwetu sijawahi kuziona.

Duka_Ndeeba

Ninazo za inchi sita na kumi na moja, mpya. Basi la Arua linapita kila jioni, tunafunga mzigo unapokea asubuhi. Niandikie pembeni.

Binti_Bombo

Nimeipangusa ya babu kwa mafuta ya taa kama nilivyoelekezwa. Pana namba ndogo ndogo chini ya jina, na skrubu inazunguka yote. Nimebana nati ya tairi la baiskeli ya mtoto ambayo ilikuwa imeliwa zamani, ikatoka. Mama kaona, sasa anasema ni yake.

Sanduku_la_Kale (Kampala)

Nipigie picha ya hizo namba nnyabo, weka mwanga ubavuni ili zionekane. Na nati ya tairi weka mpya, Mwalimu kashasema.

Boda_Busia

@Duka_Ndeeba na mimi niulize kabla uzi haujafungwa: 10WR, mpya, ya kati, bei gani? Nataka kujua kama naibiwa hapa Busia.

Duka_Ndeeba

Bei inategemea jina na wiki yenyewe, dola ikipanda na sisi tunapanda. Njoo na bolti yako iliyokushinda na tupa ndogo. Ikiteleza kwenye bolti, huchukui.